Harufu ya samaki nyumbani: acha dawa ya kiwanda, kamata ndimu

Siku ya posho asubuhi mama mmoja wa hapa Kolwezi alinipigia telefone. "Papa delege, kuya uone mambo ya bwana yangu." Nikafikiri ni ile ya kila mwezi, mushahara haujaingia. Nilipofika nikakuta kongelateri iko nje kwenye barza, mulango wazi, inzi zimeijaa.

Kuranti ilikuwa imekatika siku nne. Ndani mulikuwa samaki wa ziwa Nzilo, thomson mbili, na sombe iliyokwisha kupikwa. Mama alikuwa kwa matanga kule Likasi na batoto wake, bwana alikuwa zamu ya usiku, mchana analala kama jiwe. Hakuna mutu aliyefungua. Maji yale yakatoka chini, yakapita kwenye sima mpaka chumba cha batoto, yakaingia kwenye matela na rido.

Lakini mama hakuniita sababu ya harufu. Aliniita sababu ya chupa. Bwana yake alikuwa ameleta kutoka kwa kazi asidi ya silfiriki, ile tunayoyeyusha nayo mawe ya shaba, ameitia ndani ya chupa ya maji ya kunywa, ameiweka chini ya meza. "Na ile iko na nguvu," alimwambia bibi, "itamaliza harufu mara moja." Mtoto wao wa mwisho ana miaka mitatu. Chupa ya maji, chini ya meza, na mtoto wa miaka mitatu.

Nasema wazi, nilikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ni ya mtoto. Ya pili ni ya kazi, maana mutu akikamatwa na bidhaa ya kiwanda nyumbani kwake wanaita wizi, na wizi ni kufukuzwa. Hatukuimwaga chooni wala shimoni. Nilizungumza na mkubwa wa usalama, chupa ikarudi kwa njia nzuri, ndugu yetu akapata barua ya onyo. Alikuwa na bahati. Si kila delege atapata mkubwa anayesikia.

Kitu cha kuchekesha ni hiki: yule ndugu hakukosa kabisa. Asidi njo inauwa harufu ya samaki. Samaki akianza kuoza anatoa kitu kinachoitwa trimetilamini, ni wa jamaa moja na amonia, na vitu vya jamaa hiyo vinashindwa na ukali. Lakini ukali unaotosha uko ndani ya ndimu na vinegre. Asidi ya kiwanda inakula chuma cha kongelateri, ukiichanganya na maji inapata moto sana na kuruka, inachoma ngozi, inaweza kukutoa jicho. Kwa harufu ya samaki!

Basi tulianza kazi. Samaki na sombe tulizika ndani sana, mbali na kisima, kama hauziki ndani mbwa watazirudisha kwenye barza. Kongelateri tuliichomoa kwenye kuranti, tukaiosha na maji ya baridi na sabuni. Kisha vinegre nusu, maji nusu, tukapangusa kila kona. Kazi kubwa iko kwenye lastiki ya mulango, ndani ya mikunjo yake, na kwenye katundu ka chini kanakotoa maji. Hapo mutumie brosi ya meno ya zamani. Ikishakauka, weka ndani sahani mbili za makala yaliyopondwa, makala ya kawaida ya mbabula ambayo hayajawashwa. Yanavuta harufu. Funga, ngoja siku mbili tatu, badilisha makala.

Mama alikuwa na haraka, akaleta javeli aongeze juu ya vinegre. Nilimushika mkono. Javeli na vinegre vikikutana vinatoa klore, hewa inayochoma kifua, na ndani ya nyumba ndogo yenye dirisha moja mutu anaweza kuanguka. Na ndimu ni vilevile. Hata juu ya mkojo wa batoto kwenye matela usimwage javeli, hewa yake pia ni mbaya. Ukitaka javeli, itumie peke yake, siku ingine, mulango wazi.

Kwa nguo mama zetu wengi wanakimbilia maji ya moto. Hapana. Maji ya moto yanapika ile damu na maji ya samaki ndani ya uzi, na harufu inajenga humo. Anza na ya baridi. Rido tuliiloweka nusu saa kwenye ndoo ya maji na kopo moja la vinegre, kisha sabuni, kisha jua. Matela ya musi usiizamishe, haitakauka na itaota ukungu. Tuliikandamiza na kitambaa chenye maji ya vinegre, tukaikausha, jioni tukanyunyiza bikabonati ile ya kupikia beignet, asubuhi tukaipiga na fimbo. Siku mbili juani, upande huu na upande huu, lakini nyuma ya nyumba. Barabara ya makamiyo ina vumbi ya madini, utatoa samaki uingize kobalti.

Na hapo niseme moja: salopeti ya kazi isiingie beseni moja na mashuka ya batoto. Tumeomba chumba cha kufulia kule kazini, bado tunaomba.

Bidoni ya chakula inayonuka makayabu ni neno lingine, ile ni mafuta yameshikwa na plastiki. Hapo ndipo maji ya moto na sabuni yanafaa, kisha ganda la ndimu, kisha uiache wazi usiku. Ubani unafunika tu. Ukizimika, makayabu inarudi.

Matela ilirudi ndani siku ya tatu na batoto wakalala. Harufu kidogo ilibaki kwenye lastiki ya mulango. Tuliuliza bei ya lastiki mpya sokoni, ikatushinda, mama anaendelea na makala.