Waamuzi wa Michezo ya Watoto Mtandaoni

Mahali popote watu wanapoalikwa kuleta walichokitunga wenyewe na kukiweka mbele ya wageni, hapana budi awepo wa kusema kipi kipokewe na kipi kirudishwe. Na mahali penyewe panapokuwa pa watoto, suala la nani awe mwamuzi, na ahukumu kwa kanuni zipi, huwa zito kuliko suala lolote la ufundi wa mitambo. Nimekusudia kulieleza jambo hili kwa mfano wa Scratch, jukwaa la kutunga na kugawiana michezo ya kompyuta lililofunguliwa mwaka 2007 na watafiti wa chuo cha MIT huko Massachusetts, Marekani, wakiongozwa na Mitchel Resnick, kwa kuwa jukwaa hilo limefika mpaka katika madarasa ya huku kwetu, na kwa kuwa naamini waasisi wake waliutafakari mushkili huu kwa makini kuliko wengi waliowafuata.

Scratch ilikusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandiki amri ngumu za kompyuta, bali huburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja chini ya kingine, hata paka wa katuni akatembea, akaruka, akahesabiwa alama kila anapomkamata samaki. Na akisharidhika, hubonyeza kitufe kimoja tu, na mchezo wake ukawa hadharani. Kuanzia hapo mtoto mwingine yeyote aweza kuucheza, na zaidi ya kuucheza, aweza kuufungua ndani, akatazama ulivyoundwa, akauchukua na kuugeuza apendavyo. Waliojiandikisha wamekwisha kupita milioni 100, na jukwaa hutumika katika lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwa miongoni mwao.

Kanuni za umati huo wote ni fupi kiasi cha mtoto kuzisoma kwa kikao kimoja. Zamtaka awe na heshima, akumbuke kwamba asomaye aweza kuwa na umri, dini au desturi tofauti na yake, aseme yanayojenga anapotoa maoni juu ya kazi ya mwenziwe, akubali kazi yake itumiwe na wengine, awe mkweli, asitoe jina lake kamili, anwani wala namba ya simu, na asaidie kulifanya jukwaa kuwa mahali pa amani. Kanuni nyingine haikuandikwa kwa maneno bali imejengwa katika jukwaa lenyewe, nayo nadhani ina thamani kuliko zote: hakuna njia ya watu wawili kuandikiana kwa siri. Kila linalosemwa husemwa mbele ya watu, na mtu mzima mwenye nia mbaya, ambaye mahali pengine angemvuta mtoto pembeni na kumsemesha peke yake, humo hakuwekewa pembe ya kujificha.

Tazama sasa kanuni hizo zinavyofanya kazi. Chini ya kila mchezo pana kitufe cha kuripoti, na mtoto akikibonyeza hufunguliwa orodha ya sababu, kwamba mchezo huu ni nakala tupu ya mwingine, kwamba picha au muziki wake umetumiwa bila kutajwa mwenyewe, kwamba unatisha au una ukatili, kwamba lugha yake haifai. Kisha, asipoandika maelezo kwa maneno yake mwenyewe, ripoti haiendi. Sharti hilo dogo lina hekima kubwa, kwa maana humlazimisha mshitaki kufikiri kabla ya kushitaki. Ripoti hizo husomwa na wasimamizi ambao ni wanadamu, wakisaidiwa na mitambo inayochuja maneno machafu. Mtoto akiandika maoni ya kuudhi, mitambo huweza kumnyamazisha kwa dakika chache huku ikimweleza alichokosea, ndipo arudi. Na akaunti kwa kawaida hufungwa kwa anayekaidi, si kwa aliyeteleza kidogo mara moja.

Lakini malalamiko yaliyojirudia mno katika miaka ya mwanzo hayakuwa ya matusi wala ya damu. Yalikuwa ya wizi. Mkataba wa jukwaa ni kwamba kila kinachotolewa humo ni ruhusa kwa mwingine kukichukua na kukigeuza, maadamu amtaje aliyetangulia na aiache kazi mpya katika ruhusa ile ile. Na watu wazima waliouandika waliona wamewafundisha watoto ukarimu. Mtoto aliyehangaika na mchezo wake wiki nzima, kisha akaukuta umetolewa tena kwa jina la mwingine, na kilichobadilika ni rangi ya paka tu, hakuona ukarimu wowote hapo. Aliona amedhulumiwa mchana kweupe. Waendeshaji wakadhani wamepata dawa, wakaiamuru mitambo iandike yenyewe jina la mtungaji wa kwanza kwenye kila mchezo uliogeuzwa. Andrés Monroy-Hernández, aliyeijenga jumuiya hiyo alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu hapo MIT, akachunguza matokeo pamoja na wenzake, na mwaka 2011 wakatangaza waliyoyaona: watoto hawakutosheka na jina lililoandikwa na mashine. Walichokitaka ni mwenzao mwenyewe aandike, kwa hiari yake, kwamba mchezo huu ameutoa kwa fulani, na kwamba anamshukuru.

Sijui ushahidi mwingine unaoeleza vizuri zaidi tabia ya kazi hii. Mtambo waweza kulinda haki, na ni vema uilinde. Ila adabu, ambayo ndiyo iliyokuwa ikidaiwa na watoto wale, haipatikani ila kwa mtu kumtendea mtu, na jukwaa linalojiona limemaliza wajibu wake kwa kununua mtambo mkali zaidi wa kuchuja halijaanza hata nusu ya wajibu huo.

Wako waliojaribu njia nyingine. Newgrounds, jukwaa la Mmarekani Tom Fulp, tangu mwaka 2000 liliwakabidhi hukumu wanachama wenyewe, ambao huipa kila kazi mpya alama kuanzia sifuri hadi tano, na iliyoshuka chini ya kiwango hufutwa. Njia hiyo iliinua ufundi wa vijana wengi, lakini wingi wa kura huonyesha watu wanapenda nini, ilhali mtoto huhitaji kulindwa hata na vile vinavyopendwa na wengi. Nalo itch.io, lililoasisiwa na Leaf Corcoran mwaka 2013, mnamo Julai 2025 liliificha michezo yake yote iliyotiwa alama ya mambo ya watu wazima, isionekane katika orodha wala katika utafutaji, kwa shinikizo la makampuni yanayopitisha malipo, pasina watungaji kupewa taarifa mapema. Siwatetei waliokuwa wakiuza uchafu. Ninalolilalamikia ni kwamba hukumu ilisukumwa na wasiokaa barazani, ikawapata waovu na wasio na hatia kwa pamoja, na hakuna aliyesikilizwa kabla.

Tena wasimamizi wa majukwaa ni watu, na jambo hilo halina haja ya kuelezwa Nairobi, ambako kwa miaka kadhaa vijana wa Kiafrika walilipwa kutazama maovu yaliyopelekwa Facebook ili wengine wasiyaone. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliishitaki mahakamani Kenya kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, pamoja na Sama iliyomwajiri, akidai kazi hiyo ilimdhuru akili yake. Jukwaa la watoto halina ukatili wa kiasi hicho, lakini kila tunapodai mtandao uwe safi, yafaa tuulize pia ni nani anayeusafisha na analindwa vipi.

Limesalia la lugha. Kuvitafsiri vitufe ni kazi moja, na kulitambua tusi lililovikwa fumbo ni kazi nyingine kabisa. Mtambo usiofundishwa Kiswahili utalipitisha, na msimamizi asiyekijua hataweza kupambanua utani wa watani na dharau ya kweli. Kwa hiyo mwalimu au mzazi aliye karibu na mtoto ndiye msimamizi wake wa kwanza. Nawaomba basi, kabla ya kumfungulia mtoto akaunti, mkae naye mzisome kanuni hizo kwa sauti, mwonyeshane kitufe cha kuripoti kilipo, na mumzoeze kuandika neno la shukrani kila anapoichukua kazi ya mwenziwe. Nanyi wenye ujuzi wa lugha, jitoleeni, kwani tafsiri za Scratch, pamoja na hiyo ya Kiswahili, hufanywa na watu wa kujitolea.