Kisangani: Kinga ikilia, usikimbilie kununua mnyororo mpya

Kwa mwendesha toleka wa Kisangani, kinga yenye makelele inafukuza abiria. Wengi wanabadilisha mnyororo, feza inaenda, makelele yanabaki.

Kwanza, acha kukanyaga huku kinga ikitembea. Makelele yakinyamaza, tafuta kwenye pedali, mkono wake ao mnyororo. Yakiendelea, angalia magurudumu na breki.

Mlio wa "tak" kila pedali inapozunguka mara nyingi ni klaveti, kile kipini cha chuma kinachoshika mkono wa pedali. Hapo usingoje kesho: ikilegea inakula chuma, na mkono unaweza kuchomoka abiria akiwa nyuma.

Mnyororo ukilia kama panya, pangusa mchanga kwanza, ndipo utie mafuta kidogo. Kwenye rimu usiweke hata tone: breki haitashika.