Kumuuliza mgonjwa si kumpa wazo

Mtu akivunjika mguu hapa Pemba hubebwa hospitali siku ileile. Akianza kusema "bora nife", hufungiwa ndani, jirani asisikie. Dini imeharamisha kujiua, lakini haikuharamisha kumtibu anayeugua.

Wapo wauguzi waliosomea jambo hili. Muhimbili husomesha uuguzi wa afya ya akili hadi shahada ya uzamili. Na elimu yenyewe si ya jana: mwaka 1952 Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani, alitoa kitabu kinachoeleza kuwa mazungumzo ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba. Basi muuguzi aliyekaa kitako akimsikiliza mgonjwa yuko kazini, hata kama wapita njia wanamwona mvivu.

Utafiti umeonesha kuwa kumuuliza mtu waziwazi, "Je, unafikiria kujiua?", hakumtii wazo hilo. Wengi huona wametuliwa mzigo. Muulize kwa upole, faraghani, bila kumkaripia.

Jambo jingine ni sumu. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za mashambani, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu, maana hamu ya kufa mara nyingi huja na kupita. Kwa hiyo fungieni dawa za shamba na vidonge, ufunguo akae nao mtu mwingine. Mgonjwa asiachwe peke yake. Dua asomewe, na hospitali apelekwe leo leo, Chake Chake, Wete au Mkoani, pamoja na ndugu anayemwamini.