Kijana wa Mbagala Katika Nchi ya Shaba

Atokaye Lubumbashi akishika njia ya kaskazini-magharibi, baada ya kilomita 120 hivi huingia Likasi, mji wa machimbo ambao hadi mwaka 1966 uliitwa Jadotville. Si mbali na mji huo liko ziwa Tshangalele. Ziwa hilo halikuwapo tangu asili, bali lilifanywa na watu: mto Lufira ulizuiwa kwa ukuta mkubwa huko Mwadingusha, maji yakajaa bondeni, na tangu mwaka 1930 nguvu ya maji hayo ikatoa umeme wa kuendeshea mitambo ya shaba. Likasi ni mji wa watu wa kazi. Humo, tarehe 1 Februari 1976, alizaliwa Robert Kidiaba Muteba, na kazi aliyoichagua yeye ni kulinda mlango wa mpira.

Wasomaji wengi wanamfahamu kwa sura, hata kama jina limewatoka. Ni yule mlinda mlango mfupi, mwenye nywele ndefu zilizosukwa, ambaye timu yake ilipofunga bao aliketi chini na kurukaruka kwa makalio kama mtoto aliyepewa peremende. Wako waliocheka, wako waliotikisa vichwa. Lakini mwezi wa Desemba 2010, huko Abu Dhabi, hakuna aliyemcheka: klabu yake, TP Mazembe ya Lubumbashi, iliwashinda Internacional wa Brazil mabao 2 kwa 0 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Kabla ya hapo klabu za Ulaya na za Amerika ya Kusini peke yao ndizo zilizofika fainali ya kombe hilo. Tarehe 18 Desemba Inter ya Milano iliwafunga Mazembe mabao 3 kwa 0, nao wakarudi nyumbani na nafasi ya pili ya ulimwengu.

Habari yetu ya leo, hata hivyo, ni ya kijana mwingine, asiyezaliwa Katanga, aliyekaa karibu miaka mitano katika timu moja na mlinda mlango huyo wa Likasi, na huko akaupata ufundi wake. Jina lake ni Mbwana Ally Samatta.

Samatta alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992 jijini Dar es Salaam, akakulia Mbagala, upande wa kusini wa jiji, penye nyumba nyingi na viwanja vya mchanga. Alianza kuonekana katika klabu ya mtaa wake, Mbagala Market, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikaitwa African Lyon. Mwaka 2010 akachukuliwa na Simba. Kijana wa miaka kumi na saba akiitwa na Simba au na Yanga huwa amefika kilele, kwa macho ya rafiki zake wote: jina lake litasomwa redioni, na akipita mtaani watoto watamfuata nyuma. Wengi hufika hapo, wakakaa hapo, wakazeekea hapo. Yeye hakukaa hata misimu miwili.

Basi, mwezi wa Machi 2011 kura ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika iliwakutanisha Simba na hao hao Mazembe, miezi mitatu tu baada ya ile fainali ya Abu Dhabi. Simba walifungwa Lubumbashi 3 kwa 1, na mwanzo wa Aprili wakafungwa tena Dar es Salaam 3 kwa 2. Hayo si matokeo ya aibu mbele ya timu ya pili ya ulimwengu. Katika michezo hiyo miwili wakuu wa Mazembe walipata nafasi ya kumtazama kwa makini yule mshambuliaji mwembamba aliyewakimbiza walinzi wao bila kuogopa majina yao.

Hapa ilitokea jambo la ajabu. Simba walipeleka malalamiko kwamba Mazembe walimchezesha mtu asiyestahili kuchezeshwa, yaani mlinzi Janvier Besala Bokungu. Shirikisho la Afrika likayakubali malalamiko na kuwaondoa Mazembe mashindanoni, mabingwa wenyewe wa miaka miwili mfululizo! Simba wakapewa nafasi ya kucheza na Wydad ya Casablanca mjini Cairo, wakashindwa 3 kwa 0. Na baada ya ugomvi wote huo, Mazembe wakaja Dar es Salaam kuwanunua wachezaji wawili wa Simba, Samatta na Mganda Patrick Ochan. Mtu mwingine angaliweka kinyongo. Mazembe waliweka mkataba mezani.

Samatta alikuwa na miaka 18. Umri huo si neno dogo katika kazi hii. Sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwa mfano wazazi wake wakihama kwa shughuli zao wenyewe zisizohusu mpira. Sheria iliwekwa kwa sababu ya machungu: vijana wa Afrika walikuwa wakichukuliwa na watu wajiitao mawakala, wazazi wakauza shamba au ng’ombe ili kulipa nauli, kisha mtoto akaachwa katika mji wa ugenini bila klabu, bila shule na bila njia ya kurudi. Mzazi anayeletewa habari ya namna hiyo na aulize mambo matatu kabla ya kutoa hata senti moja: klabu inaitwaje, mkataba uko wapi, na kwa nini mchezaji alipe wakati klabu ndiyo inayomtaka. Klabu ya kweli inamlipa mchezaji, na klabu anayotoka nayo inalipwa kwa kumwachia.

Wengi walishangaa kwamba kijana mwenye kipaji kama hicho aende Kongo, wala si Ulaya. Nadhani mshangao huo ulitokana na kutoijua Lubumbashi. Klabu ya Mazembe ina mizizi mirefu. Mwaka 1939 watawa Wabenedikto walioongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi, wakati mji ukiitwa Élisabethville, walianzisha timu kwa ajili ya wanafunzi wasiokusudia upadre, wakaiita Mtakatifu Georgi kwa jina la msimamizi wa maskauti. Baadaye ikaitwa Mtakatifu Paulo, kisha Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, na mwisho Mazembe. Yale maneno mawili ya mbele, Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote, yaliongezwa baada ya ushindi wao mwingi wa mwaka 1966. (Wabenedikto, nadhani, wasingalichagua jina hilo.) Mwaka 1967 na 1968 walikuwa mabingwa wa Afrika. Kisha ukaja usingizi mrefu, hata mfanyabiashara Moïse Katumbi, ambaye pia alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015, alipoishika klabu na kuitia fedha. Ubingwa wa Afrika ukarudi mwaka 2009, na tena 2010.

Kijana wa Mbagala alikuta nini huko? Alikuta kwanza Kiswahili, lakini si kile cha kwao. Watu wa Lubumbashi husema «batu» na «batoto» pale Mtanzania asemapo watu na watoto, na Kifaransa kimeingia kila pembe ya mazungumzo. Alikuta hali ya hewa ya nyanda za juu, mita 1,200 hivi juu ya bahari, na asubuhi za baridi za mwezi wa Juni ambazo mtu wa pwani hazizoei upesi. Alikuta uwanja mpya wa klabu mtaani Kamalondo, uliofunguliwa mwaka ule ule wa 2011, wenye nyasi za bandia ambazo mpira hukimbia juu yake kuliko juu ya mchanga wa Mbagala. Alimkuta pia Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, aliyejiunga na klabu mwaka huo huo. Ugenini mtu wa kwenu mmoja ni jamaa nzima.

Lakini zaidi ya yote alikuta watu waliomzidi. Hilo ndilo somo gumu kwa kijana aliyezoea kuwa wa kwanza. Mbele yake alikuwapo Trésor Mputu Mabi, aliyechaguliwa mwaka 2009 kuwa mchezaji bora kati ya wote wanaocheza barani Afrika. Fundi wa ajabu, ingawa FIFA ilimfungia mwaka mzima tangu 2010 kwa kumvamia refa mjini Kigali. Walikuwapo Wazambia: Rainford Kalaba, Nathan Sinkala na Stoppila Sunzu. Tarehe 12 Februari 2012, huko Libreville, ni Sunzu huyo aliyepiga penalti ya mwisho iliyoipa Zambia Kombe la Mataifa ya Afrika mbele ya Ivory Coast. Fikirini, basi, kijana wa miaka 19 ambaye wenzake wa mazoezi wanarudi kambini wakiwa mabingwa wa bara zima. Hawezi tena kujisifu kwamba alikuwa akisomwa redioni huko kwao. Na nyuma kabisa, mlangoni, alisimama Kidiaba, aliyeingia Mazembe mwaka 2002, wakati Samatta alikuwa mtoto wa shule ya msingi.

Miaka ikapita kwa kazi, na kazi ya mchezaji ni ya kurudia: mbio zile zile, mashuti yale yale, safari ndefu, kungoja benchini. Mazembe walitwaa ubingwa wa Kongo mwaka 2011, 2012, 2013 na 2014. Barani mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 2013 walipoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya CS Sfaxien ya Tunisia. Mwaka 2014 walitolewa katika nusu fainali ya Klabu Bingwa na Sétif ya Algeria; jumla ya mabao ilikuwa 4 kwa 4, wakaondolewa kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Mwaka huo Mputu alihamia Angola. Nafasi ya mbele ikabaki wazi, na kijana aliyekuwa akijifunza kwa miaka mitatu akawa tayari kuishika.

Mwaka 2015 ndio mwaka wake. Kocha alikuwa Mfaransa Patrice Carteron. Katika nusu fainali ya Klabu Bingwa Mazembe walifungwa kwanza na Al-Merrikh huko Omdurman, 2 kwa 1. Waliporudiana Lubumbashi walishinda 3 kwa 0, na mawili kati ya mabao hayo yalikuwa ya Samatta. Fainali ya kwanza ilichezwa Algiers tarehe 31 Oktoba, juu ya USM Alger. Kalaba alifunga la kwanza, Samatta akaongeza la pili kwa penalti, wenyeji wakapata moja. Tarehe 8 Novemba watu walijaa Kamalondo. Kwa muda mrefu hakukuwa na bao, na bao moja tu la Waalgeria lingaliwatia watu wote hofu. Zikiwa zimebaki dakika kumi na tano hivi, refa akaamuru penalti. Akaitwa tena yule yule wa Mbagala. Wenye mpira wanajua kwamba penalti ya mazoezini na penalti ya siku kama hiyo si kitu kimoja, ingawa hatua ni zile zile kumi na mbili. Akaiweka wavuni. Mwishoni kabisa Roger Assalé akafunga la pili, na Mazembe wakawa mabingwa wa Afrika kwa mara ya tano. Samatta alimaliza mashindano akiwa na mabao 7, sawa na Bakri Al-Madina wa Al-Merrikh, hakuna aliyewapita.

Tarehe 7 Januari 2016, mjini Abuja, yalitangazwa matokeo ya kura ya mchezaji bora anayecheza barani Afrika. Wa kwanza Samatta, pointi 127. Wa pili Kidiaba, pointi 88. Mmoja alikuwa na miaka 23, mwingine alikaribia 40. Mmoja kazi yake ni kufunga, mwingine ni kuzuia asifungwe. Nao walitoka katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo. Tangu tuzo hiyo ianze, hakuna mchezaji wa Afrika ya Mashariki aliyekuwa ameipata.

Mwisho wa mwezi ule ule Samatta alitia saini mkataba na KRC Genk ya Ubelgiji. Hakwenda kama mtoto wa kujaribiwa. Alikwenda akiwa bingwa, akijua kuishi mbali na nyumbani, akijua kuvumilia benchi, na sikio lake likiwa limezoea Kifaransa. Mwaka 2019 Genk walikuwa mabingwa wa Ubelgiji, naye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika nchi ile. Tarehe 5 Novemba 2019 aliwafunga Liverpool kwao Anfield. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, katika Aston Villa, na tarehe 1 Machi alifunga kwa kichwa uwanjani Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2 kwa 1.

Kidiaba naye alitundika glavu zake, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 akaingia katika baraza la jimbo la Haut-Katanga akiwa mbunge. Mazembe hawakulala: mwaka 2016 na 2017, bila Samatta mbele, walitwaa lile Kombe la Shirikisho lililowaponyoka mwaka 2013.