Laptopu Yako Haijazeeka, Imekosa Adabu Tu

Hali unaijua. Saa nne usiku, video ya harusi inatengenezwa, mteja anaitaka kabla ya asubuhi. Ukijaribu kujibu hata imeili moja, mausi imeganda na herufi zinatokea moja moja kama matatu siku ya mvua. Unaanza kupiga hesabu ya mashine mpya, na pesa huna.

Mimi yalinipata. Malipo ya nusu nilikuwa nimeshapokea na yakaenda yote kwa kodi ya nyumba. Nikazima laptopu kwa hasira, kazi ya saa tatu ikapotea. Chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo haya sikufunzwa darasani. Nilifunzwa na hasara.

Sikiza. Prosesa ni kama kinyozi mwenye kiti kimoja na wateja kumi. Hamalizi mmoja kwanza. Ananyoa huyu kidogo, anamwinua, anakalisha mwingine. Zamu ni milisekunde chache tu, ndio maana kila mteja anadhani yuko peke yake. Anayeamua nani akae ni keneli, moyo wa mfumo endeshi. Programu haijipi zamu. Ikitaka huduma ya keneli, inaiomba, na ombi hilo ndilo huitwa wito wa mfumo.

Kwenye Unix na Linux, wito mmoja wa zamani unaitwa nice, yaani muungwana. Namba zake ni kuanzia -20 hadi 19, na kawaida ni 0. Namba ikipanda, programu inawapisha wenzake. Kwa hesabu ya Linux, programu mbili za kundi moja zikigombania kiini kimoja, ya 0 inachukua zaidi ya asilimia 98, ya 19 inaokota makombo. Lakini kiti kikiwa kitupu, huyo wa 19 anakalia chote. Hapo ndipo utamu ulipo.

Fungua teminali, andika nice -n 19 kisha amri yako. Kama kazi ishaanza, tumia renice -n 19 -p na namba ya prosesi. Uko Windows? Ingia Task Manager, sehemu ya Details, bonyeza kulia, shusha kipaumbele.

Angalia hapa: kwenye Linux, mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kujishusha, si kujipandisha. Kupanda kunataka ruhusa ya msimamizi. La sivyo kila programu ingejifanya mheshimiwa mwenye king'ora barabarani.

Na tusidanganyane. Kama RAM ndiyo imejaa, nice haitakuokoa. Funga zile tabo arubaini kwanza.

Usiku ule nilianza upya, safari hii na 19. Imeili nikajibu, chai nikanywa, na saa kumi na moja alfajiri video ikawa tayari. Nusu iliyobaki ikaingia. Wazee walisema muungwana ni kitendo. Hata kwa prosesa, bana.