Ziwa Edward: mvuvi wa kasia kati ya kuonekana na kujificha

Eringeti haina ziwa. Mji huu mdogo wa wilaya ya Beni uko kando ya barabara ya taifa nambari 4, mpakani mwa Kivu Kaskazini na Ituri. Samaki wa ziwani wanaofika hapa hutoka mbali: kusini kuna Ziwa Edward, kaskazini-mashariki kuna Ziwa Albert. Mama anayenunua samaki sokoni haoni hatari moja ambayo mvuvi hupambana nayo kila usiku: kugongwa na mtumbwi wa mota ambao dereva wake hakumuona.

Ajali kubwa husikika. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma, na habari ikafika dunia nzima. Lakini mtumbwi wa watu wawili ukigongwa gizani, kinachoonekana asubuhi ni kasia na kipande cha wavu juu ya maji.

Tatizo linaeleweka kwa urahisi. Mvuvi aliyeketi ndani ya mtumbwi hauzidi urefu wa mita moja juu ya maji, na wimbi dogo tu humficha. Mbao za mtumbwi zina rangi moja na maji. Upande wa pili, mota ikivuta kwa nguvu, pua ya boti huinuka na kumziba dereva. Boti inayokwenda kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kwa sekunde moja. Ikiwa umbali ni mita 100, mvuvi ana sekunde 12 tu.

Shida hiyo wanayo pia watu wanaosafiri baharini kwa kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Wao huvaa nguo za rangi kali, machungwa au manjano. Wengine hupaka rangi hiyo kwenye ncha za kasia, kwa sababu kasia hupanda na kushuka, na jicho la mtu hukamata haraka kitu kinachocheza. Usiku huweka taa nyeupe juu ya kichwa, au nyuma yao, ili isiwapofushe wenyewe.

Lakini kwenye Ziwa Edward, taa ni jambo gumu. Ziwa hilo limegawanywa kati ya Congo na Uganda, na ndani ya maji hakuna alama ya mpaka. Wavuvi Wacongomani wamekamatwa mara nyingi na askari wa Uganda. Mwezi Julai 2018, wanajeshi wa majini wa nchi hizo mbili walirushiana risasi ziwani, na watu wakauawa. Kuna pia watu wenye silaha wanaonyang'anya nyavu na mota. Anayewasha taa usiku kucha anaonekana na dereva wa boti, lakini anaonekana na hao pia.

Wakaazi wa Eringeti hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Tangu waasi wa ADF waliposhambulia mji huo tarehe 29 Novemba 2015, hadi hospitalini, wengi wanajua maana ya kuzima taa mapema.

Hata hivyo kuna njia ya katikati. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, ziliandikwa kwa ajili ya bahari. Haziagizi chombo cha kasia kiwake usiku wote. Zinakubali mwenye kasia awe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, na aioneshe mapema, kabla ya hatari. Basi kazi ya mvuvi ni kusikiliza: akisikia mota inakaribia, amulike upande wake. Tochi ikae karibu na mkono, imefungwa kwa kamba, ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji.

Karatasi zinazong'aa, kama zile za nyuma ya malori, husaidia pia. Haziwaki zenyewe; hurudisha mwanga pale tu mtu anapomulika. Zikibandikwa kwenye kasia na pembeni mwa mtumbwi, giza linabaki giza mpaka boti inayokuja iwashe tochi. Na filimbi shingoni husikika pale ambapo sauti ya mtu haifiki, hasa mota ikiwa imepunguzwa.

Mzigo huu si wa mvuvi peke yake. Mwenye mota ndiye mwenye kasi, na ndiye anayeweza kuua. Apunguze mwendo gizani na alfajiri wakati wa ukungu, na amweke mtu mbele amulike njia. Mwenye kasia akimulika na mwenye mota haangalii, tochi haitamwokoa.