Jinsi ‘kupandisha hadhi’ kulivyochelewesha kiraka cha kompyuta

Mapema Februari 2022 nilikuwa Keroka, ule mji ulio mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, nikisubiri matatu ya kurudi Kisii mjini. Simu ikalia. Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya upili ya bweni upande wa Nyamira.

“Daktari, niliwaandikia bodi barua ya Kiswahili kama mnavyotusihi kila siku. Sasa wamenipongeza.”

Nikamuuliza ubaya wa pongezi uko wapi.

“Wanadhani shule inapandishwa hadhi! Halafu mweka hazina anasema bando nijinunulie mwenyewe.”

Barua yenyewe alinitumia kwa WhatsApp. Sentensi iliyozua balaa ilikuwa hii: “Naomba idhini na fedha za kukarabati udhaifu wa kupandisha hadhi uliomo katika kifurushi cha mfumo endeshi wa maabara.” Kisarufi haina kosa. Upatanisho wa ngeli umekaa sawa, na istilahi zote nimewahi kuziona zikitumika katika maandishi ya watu wanaoheshimika. Lakini soma kama mwenyekiti wa bodi, mzee mstaafu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiomba shule yake itolewe ngazi ya kaunti ndogo. Kwake, kitu kinachopandishwa hadhi ni shule. Kwa mweka hazina, kifurushi ni data za intaneti anazonunua kwa simu kila asubuhi. Udhaifu, nao, wakaufasiri kuwa ndio vikwazo vilivyobaki kabla ya shule kupanda ngazi. Wakapiga makofi, kikao kikafungwa.

Wakati huo maabara ilikuwa wazi kwa yeyote. Mtihani wa KCSE wa 2021, ambao kwa sababu ya korona ulisukumwa hadi Machi 2022, ulikuwa unabisha hodi, na kazi za watahiniwa wa somo la kompyuta zilikuwa ndani ya mashine hizohizo. Kwa ajili hiyo hasa bodi ilikuwa imeagiza mtu yeyote asiziguse bila idhini yake.

Mwalimu alitaka kusema nini? Nitajaribu kueleza nilivyoelezwa mimi, kwa kuwa niliuliza maswali mengi mpaka kijana wa watu akachoka.

Kompyuta za maabara ile zinatumia Ubuntu, mojawapo ya matawi ya mfumo wa Linux. (Jina hilo limetoka katika lugha za Kinguni za Afrika Kusini, na ni ndugu wa damu wa neno letu ‘utu’.) Katika mfumo huo kila mtumiaji ana mipaka yake. Mwanafunzi anaweza kufungua faili zake na kuandika insha, lakini hawezi kufuta kazi ya mwenzake. Juu ya wote yuko mtumiaji mmoja asiye na mipaka, ambaye wataalamu humwita ruti. Sasa, kuna shughuli ndogondogo ambapo mtumiaji wa kawaida huhitaji nguvu za ruti kwa muda mfupi, kama vile anapobadilisha nywila yake. Kwa ajili ya shughuli hizo, mfumo una programu chache zilizokopeshwa mamlaka: yeyote aziitapo, zenyewe hutenda kwa nguvu za ruti, na ni juu yao kuamua nani aruhusiwe kufanya nini. Mojawapo ni pkexec, iliyomo ndani ya polkit, ambayo huja na matawi mengi ya Linux.

Tarehe 25 Januari 2022, kampuni ya usalama wa kompyuta iitwayo Qualys ilitangaza kwamba pkexec ilikuwa na kasoro tangu toleo lake la kwanza la Mei 2009. Kasoro ilisajiliwa kwa nambari CVE-2021-4034, na Qualys wakaibandika jina la utani PwnKit. Nambari ina mwaka 2021 kwa kuwa Qualys waliiripoti kwa Red Hat Novemba ya mwaka huo, kisha wakanyamaza hadi kiraka kilipokuwa tayari.

Fikiria karani wa ghala la shule, aliyeachiwa ufunguo na mwalimu mkuu. Anayetaka kitu huja na karatasi mbili zilizogandishwa pamoja, moja chini ya nyingine. Ya kwanza ni orodha: mstari wa kwanza una jina la karani mwenyewe, wa pili una kitu kinachotakiwa. Ya pili ni maelezo ya mwombaji kuhusu mazingira yake: anatumia lugha gani, maandishi ya namna gani, vifaa vyake viko wapi. Kwa kuwa karani ana mamlaka makubwa, bawabu mlangoni hukagua karatasi ya pili kwanza na kukata mistari yote ya hatari.

Karani huyu ana mazoea. Mstari wa kwanza hausomi kamwe, maana ni jina lake tu. Huanzia wa pili. Je, orodha ikija bila mstari hata mmoja? Karani huruka mstari usiokuwepo, na jicho lake likaangukia mstari wa juu wa karatasi ya chini. Anaudhani ndio kitu kinachoombwa. Tena ana desturi ya kuandika, juu ya mstari huohuo, mahali kamili kitu kinapopatikana. Basi kwa mkono wake mwenyewe anaandika kwenye karatasi ya maelezo mstari ambao bawabu angeukata. Na bawabu amekwisha kuondoka.

Mstari huo uliorudishwa ndio ulionisisimua mimi mtu wa lugha. pkexec inapotaka kutoa ujumbe wa kosa, na mtumiaji amesema kwamba maandishi yake si ya mpangilio wa kawaida wa siku hizi, ni lazima herufi zibadilishwe kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Programu huuliza: mkalimani wa herufi yuko wapi? Ule mstari haramu hujibu: mkalimani wangu ni huyu hapa. Anayeitwa si mkalimani bali ni programu ya mvamizi, na inaendeshwa kwa nguvu za ruti. Naam, tafsiri ndiyo iliyofungua mlango. Mwalimu aliponieleza hilo nilicheka, nikakumbuka barua yake, nikaacha kucheka.

Dawa yake ni mistari michache tu. Programu iliyorekebishwa huanza kwa kuhesabu mistari ya orodha. Ikikuta hakuna hata mmoja, inaacha kazi papo hapo bila mjadala. Ambaye hakuweza kupata kiraka mara moja alishauriwa kuinyang’anya pkexec yale mamlaka ya kukopeshwa, jambo linalofanywa kwa amri moja fupi.

Turudi kwenye barua, maana hapo ndipo penye kazi yetu.

Tatizo kubwa ni ‘kupandisha hadhi’. Hadhi ni heshima mbele za watu. Mfanyabiashara wa Keroka hajali hadhi ya askari wa kaunti anayemjia. Anachotaka kujua ni kama askari huyo ana mamlaka ya kumdai ushuru upande huu wa mji, na serikali mbili za kaunti zimewahi kuvutana kuhusu jambo hilohilo. Kinachoibwa ndani ya kompyuta ni mamlaka. Halafu kitenzi ‘kupandisha’ kinampa mtu picha ya ngazi halali na mkubwa anayekuvuta juu. Mvamizi havutwi na yeyote. Mimi nilipendekeza ‘kujitwalia mamlaka’. Kiambishi -ji- kinaonyesha kwamba mtenda ndiye mtendewa, na kauli ya kutendea katika ‘twalia’ inatuambia faida inamwendea nani. Niliwahi kufikiria ‘kujikweza’, neno tamu kwelikweli, ila linamsema mwenye majivuno kuliko mwizi.

‘Udhaifu’ nao hautoshi. Afadhali tutenganishe kasoro na mwanya. Kasoro ni kosa lililomo katika maandishi ya programu. Mwanya ni nafasi ambayo mtu anaweza kuitumia kupita. Mwaka 2013 mtaalamu Ryan Mallon aliandika kuhusu ajabu hii ya pkexec kutohesabu mistari, lakini hakupata njia ya kuitumia kwa uvamizi. Aliiona kasoro. Mwanya ulionekana miaka minane baadaye. Neno moja kwa mambo mawili lingetuficha hilo.

Kuhusu ‘kifurushi’ sina ugomvi nalo miongoni mwa mafundi. Ila katika barua kwa bodi, sema ‘programu’ yaishe. ‘Mzizi’ kwa maana ya ruti ninalikataa: mzizi hukaa chini ya ardhi na haumwamrishi mtu. ‘Msimamizi mkuu’ linaeleweka hata kwa mzee aliyesoma zamani. Na ‘kiraka’ tusiliguse. Yeyote aliyeshona gunia la majani chai Nyamira analijua.

Watu hudhani tumeanza kazi hii jana. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Walivuka mto huu kabla yetu. Maneno ya usalama, hata hivyo, yalibaki nyuma, nadhani kwa sababu menyu huonekana kila siku ilhali mwanya hauonekani mpaka umeingiliwa.

Usiku ule tuliandika barua mpya kwa simu, mimi nikiwa ndani ya matatu: “Kuna mwanya katika programu iitwayo polkit. Mwanafunzi yeyote mwenye akaunti anaweza kujitwalia mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine na kusoma, kubadilisha au kufuta kazi za watahiniwa. Kiraka kipo na ni cha bure. Naomba idhini ya kufunga maabara siku moja, na bando la kukipakua.” Ilijibiwa kesho yake kabla ya chai ya saa nne. Mweka hazina alitoa pesa mwenyewe, akauliza kwa nini hawakuambiwa mapema.

Mashine zote zilitiwa kiraka siku hiyo. Katika mojawapo mwalimu alikuta faili iliyoandikwa mahali ambapo ruti peke yake ndiye anayeweza kuandika. Ndani yake mlikuwa na jina la kijana wa kidato cha tatu na neno moja: “Niko.” Njia za kuutumia mwanya ule zilianza kusambaa mtandaoni saa chache tu baada ya tangazo la Januari, na kijana alikuwa ameijaribu moja siku ya Jumamosi. Kiraka huziba njia lakini hakimtoi aliyekwisha kuingia, kwa hiyo mashine ile ilifutwa na kusakinishwa upya kutoka mwanzo. Kazi za watahiniwa zililinganishwa na nakala zilizokuwa kwa mwalimu, hakuna iliyoguswa.

Nilikutana na kijana huyo baadaye, nilipoalikwa kuzungumza na chama cha Kiswahili cha shule. Alitaka kujua tuiiteje ile hali ya programu kutenda kwa nguvu za ruti hata ikiitwa na mtu wa kawaida. Nikamwambia ‘ukopeshwaji wa mamlaka’. Akaniangalia kwa adabu, akasema ni refu, mwalimu. Wao bwenini huiita ‘kofia ya prinsipo’. Nimeliandika katika daftari langu la istilahi, na ningependa kusikia kutoka kwa msomaji aliye na fupi kuliko hilo.